Kopa, kuku wa kienyeji na moshi wa magharibi

Nyumba yetu iko pembezoni mwa Jiji la Tanga, karibu na jalala lililokuwepo kabla hatujajenga. Watu huniuliza, "Mlifuata nini kule?" Kiwanja cha bei nafuu, basi.

Harufu tuliizoea. Kilichonishinda ni moshi mweusi wa kila magharibi, kusi ikiusukuma mpaka chumbani. Vijana wa vyuma chakavu walikuwa wanachoma nyaya za umeme ili plastiki iungue ibaki shaba, wenyewe huiita kopa. Moshi ule ukimeza mate unausikia kooni.

Mwaka juzi shangazi yangu, ninayeishi naye, alikutwa na saratani ya titi akapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nilimuuliza daktari: ni ule moshi? Jibu nililolitaka hakunipa. Alisema saratani ya mtu mmoja huwezi kusema imetokana na kitu fulani. Kuna umri, kuna kurithi, kuna mengi. Kisha akauliza, "Kuku mnafuga?"

Tunafuga, tena wa kienyeji, wanashinda jalalani wanachakura.

Hapo ndipo alipokaa vizuri kunieleza. Plastiki ya nyaya nyingi ina klorini. Ikiungua kwa moto hafifu wa nje, na shaba ikiwa ndani yake, huzaliwa sumu ziitwazo dayoksini, na shaba yenyewe huchochea kazi hiyo. Iliyo kali kuliko zote, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka mwaka 1997 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Lakini mwilini huingia zaidi kwa chakula kuliko kwa pua. Masizi yanatua ardhini, kuku anadonoa, sumu inakaa kwenye mafuta, na mafuta ya yai yako kwenye kiini. Kuchemsha hakuitoi. Ikishaingia mwilini, huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu tu.

Na mimi nilikuwa nampa shangazi mayai mawili kila asubuhi, apate nguvu.

Kuku niliwafungia siku ileile. Jirani nilimkuta anatia jivu la nyaya kwenye tuta la mchicha kuua wadudu. Nikamwambia, mama, jivu la kuni sawa, hili lina madini ya risasi, maana plastiki ya nyaya nyingi ilitengenezwa nayo. Alinuna, lakini aliacha.

Vijana ndio walikuwa kazi. Kwanza nilikosea: nilimwita mwenyekiti wa mtaa, akawafukuza, wakaanza kuchoma usiku wa manane. Ikawa nimeununua moshi wa kulala nao. Nikabadilisha mbinu, nikamwomba mmoja wao anipeleke kwa mnunuzi wake Ngamiani. Nilipanda nyuma ya baiskeli, na mzigo wa nyaya mapajani, mtu mzima mimi! Kwa mnunuzi kulikuwa na marundo mawili. Moja linang'aa, jingine jeusi linavunjikavunjika. Lile linalong'aa, kilo yake ilikuwa na bei nzuri zaidi. Nikamgeukia kijana: unajichomea hela yako.

"Bimkubwa, tunajua," akasema. "Kumenya kwa kisu ndiyo shida. Kunachelewa na kunakata vidole." Akanionyesha dole gumba. Kweli, limejaa makovu.

Nilikwenda kwa shemeji yangu seremala. Akachukua kipande cha mbao ngumu, akatoboa tundu kwa urefu, akafunga kisu chembamba kwa juu, ncha ikachungulia tunduni. Unapitisha waya, unauvuta kwa koleo, ganda linapasuka kama ganda la muhogo. Cha kwanza kilikata mpaka shaba, hovyo kabisa. Cha pili alikiwekea boliti ya kupandisha na kushusha kisu. Gharama haikufikia bei ya jogoo. Niliwaazima, wakakaa nacho siku tatu, wakarudi kuuliza kama shemeji anaweza kutengeneza vingine.

Nyaya nene sasa wanamenya, wamekaa kivulini wanapiga soga. Zile nyembamba kama nywele, za chaja na spika, hazimenyeki. Wengine wanaziuza na plastiki yake kwa bei ya chini, na yupo mmoja ambaye bado anawasha kiberiti akidhani sijui ni nani. Moshi umepungua, haujaisha. Maganda nayo bado yanarundikana, na juu yake kuna siku mtu atatupa kaa la moto.

Shangazi karudi, anahudhuria kliniki. Juzi akauliza yale mayai yetu yamekwenda wapi. Nikamwambia siku hizi nanunua dukani, ya kisasa. Akalimega moja, akatafuna polepole, akasema halina ladha.