Stationery, stationary na wenzake

Ukipita mitaa yenye maduka ya fotokopi na vifaa vya shule, iwe Dar es Salaam au mji wowote wa mkoani, hukosi kibao kilichoandikwa "Stationary". Neno hilo lina maana ya kitu kilichosimama, kisichosogea. Duka la madaftari ni "stationery", kwa e. Mkumbuke muuzaji wake: Kiingereza kinamwita "stationer", kama "baker" na "butcher", na bidhaa zake hubaki na e hiyohiyo. Kumbe shina la yote mawili ni moja, maana stationer wa zamani alikuwa muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, si mchuuzi wa kuzunguka.

Usitegemee mstari mwekundu wa kompyuta. Ukaguzi wa tahajia hunasa neno lisilokuwepo kwenye kamusi, na hayo yote yamo. Fundi akiandika "break pads" badala ya "brake pads", kompyuta inaweza kukaa kimya.

Wakorofi wakubwa ni its na it's. Tumezoea kwamba ritifaa (alama ya ') huonyesha umiliki, kama "Juma's car", basi tunaipachika hapa pia. Lakini his, hers na its hazina ritifaa. Kipimo ni kukirefusha kifupisho: "The company lost it's licence" inakuwa "lost it is licence", na hapo mtu anaona mwenyewe. Jaribu pia "it has", kwa kuwa it's hubeba zote mbili. Kipimo hicho kinatosha kwa you're na your, they're na their, who's na whose. Kati ya their na there, kiulize Kiswahili: ukipata "-ao" (nyumba yao), andika their, ukipata pale, huko au kuna, andika there.

Practice na practise hutamkwa sawa, na kwa tahajia ya Uingereza ya kwanza ni nomino, ya pili kitenzi. Ukisahau, shika advice na advise: hizo sikio linazitofautisha, s na z, na mpangilio wa herufi ni uleule. Wamarekani huandika practice kotekote.

Kwenye mkataba wa mkopo, "principal" ni fedha uliyokopa, kabla ya riba. "Principle" ni kanuni. Mkuu wa chuo naye ni principal.

Kuna kundi jingine ambalo kwa Mwingereza halifanani kabisa, ila linafanana mdomoni mwetu. Kiswahili kina irabu 5, kwa hiyo hat, hut, heart na hurt zote tunazimwaga kwenye "a" moja. Kwa hat, panua mdomo uelekee "e" bila kuifikia. Hut ni "a" fupi. Heart ni "aa" ndefu ya nyuma ya mdomo. Hurt ni ndefu pia, ila ulimi unatulia katikati na midomo haipanuki.

Ship na sheep hazitofautiani kwa urefu peke yake. Sheep ni "ii" yetu. Ship inakaa kati ya "i" na "e". Vivyo hivyo live na leave, na hizi ndizo za kuziangalia zaidi, kwa sababu sentensi haiharibiki ukikosea. "He doesn't want to leave" ni mgeni asiyetaka kuondoka. Ukitamka live, umesema mtu hataki kuishi.