Nyama ya Marine Drive

Jana jioni upepo uligeuka. Siku zote moshi wa mishkaki ya pale kona huenda zake upande wa stendi, jana ukaamua kuingia kwetu. Mke wangu akakimbilia madirisha kwa sababu ya nguo alizokwisha kupiga pasi. Mimi nikabaki barazani na funguo mkononi, nimesahau nilikuwa natoka kwenda wapi. Mafuta yalikuwa yanadondokea mkaa, tsss, kimya kidogo, tsss. Binti yangu akaniuliza, "Baba, una njaa?" Nikamwambia sina, na kweli nilikuwa nimeshiba wali. Lakini magoti yalikuwa yameanza kuuma yale maumivu ya Gqeberha, Afrika Kusini, nilikokwenda kushindana Ironman.

Mashindano yenyewe nitayapitia haraka, maana habari za mazoezi mmezisikia hadi mmechoka: baiskeli Barabara ya Bagamoyo kabla daladala hazijajaa, kuogelea Kunduchi maji yakiwa yamekupwa nusu, na shemeji aliyeuliza kwa upole kama kuna mtu amenifanyia kitu. Ironman ni kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli 180, kisha kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2, yote kwa siku moja, ukomo wake saa 17. Ilianza Hawaii mwaka 1978, watu 15 walipojitokeza kumaliza ubishi wa nani ana pumzi zaidi kati ya muogeleaji, mwendesha baiskeli na mkimbiaji. Walimaliza 12, ubishi haukumalizika. Afrika Kusini mashindano haya hufanyikia Gqeberha, mji ambao hadi 2021 uliitwa Port Elizabeth. Kwenye sanduku langu la baiskeli uwanja wa ndege walibandika PLZ, herufi za enzi ya jina la zamani. Wenyeji wanauita Mji wa Upepo, na pia wanauita Mji wa Ukarimu. Vyote viwili nilivipata, kimoja zaidi ya nilivyotaka.

Tuliingia majini asubuhi pale Hobie Beach, pembeni ya gati linaloitwa Shark Rock, yaani Mwamba wa Papa. Nikajiambia aliyelibandika jina hilo hakuwa na nia mbaya na mtu. Maji ya ile ghuba, kwa mtu aliyelelewa na bahari ya Tanga, ni baridi ya kukata kauli, na bila suti ya mpira ningerudi ufukweni nikaombe chai. Nikatoka salama. Kwenye baiskeli upepo ulikuwa wa mbele wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi ukawa wa mbele tena. Mwenyeji mmoja aliyenipita akaniambia hapa ni hivyohivyo, usiutafutie sababu.

Kitu kimoja lazima nikiseme kabla sijafika kwenye nyama. Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Wenzangu wa mazoezi walikuwa wakisoma habari za jeli za kutia nguvu na magurudumu, mimi nilikuwa nasoma kitabu cha sheria, na nilikipenda. Helmeti ifungwe kidevuni kabla hujaigusa baiskeli. Kati yako na baiskeli ya mbele iwepo mita 12, usije ukajikinga upepo nyuma ya mwenzako. Hakuna ndugu wala rafiki kukukimbilia pembeni akikupa moyo mguu kwa mguu. Na ile iliyonigusa zaidi: hakuna kupokea chakula wala kinywaji kutoka kwa mtazamaji. Unakula ulichobeba na unachopewa kwenye vituo vya mashindano, basi. Niliona ni haki kabisa. Mwenyeji ana wajomba na mashangazi kila kona ya njia, mimi nimetoka Dar peke yangu na sanduku. Bila sheria hiyo, ukoo wake ungekuwa unashindana na mimi.

Shida ni kwamba ukoo huo ulikuwa umekuja na majiko.

Waafrika Kusini hawaji kutazama, wanahamia. Tangu alfajiri barabara ya Marine Drive ilikuwa na mahema, viti vya kukunja, makochi kabisa yaliyoshushwa kwenye pikapu, maboksi ya barafu, na moto wa kuchomea nyama. Wao wanaita braai, na wanaichukulia kwa uzito ambao sisi tunauweka kwenye pilau ya harusi. Mbio zenyewe ni za kuzunguka, unapita njia ileile tena na tena, kwa hiyo kila jiko unalipita likiwa hatua nyingine. Mara ya kwanza wanawasha mkaa. Mara ya pili soseji imeshawekwa. Mara ya tatu watu wanalamba vidole, na wewe umetafuna nusu ndizi, umemeza jeli ya ladha ya kitu wanachokiita beri, na ukiona jeli nyingine tumbo linapanda juu kukutana nayo njiani. Baada ya saa nyingi za sukari mwili unakinai. Unataka chumvi. Unataka mafuta. Unataka kitu chenye mfupa.

Giza kule liliingia kwenye saa kumi na mbili jioni. Kufikia kilomita ya 33 au jirani na hapo nilikuwa natembea zaidi ya kukimbia. Nyuma yangu kidogo alikuwepo jamaa mmoja mpana wa mabega, mwenyeji, ambaye tulikuwa tukipishana tangu jua lingali juu: akikimbia ananipita, akitembea nampita. Hatukuwa tumesemeshana. Tulikuwa tumezoeana kwa pumzi tu.

Hapo ndipo yule mama alipoinuka.

Alikuwa mtu mzima sana, kilemba kichwani, blanketi begani juu ya koti. Jiko lake lilikuwa pipa lililokatwa kati na kulazwa kwenye vyuma. Wajukuu, nadhani ni wajukuu, walikuwa kwenye gari, wengine wamelala miguu ikitokeza mlangoni. Aliniona kabla sijamwona, kwa sababu nilipoinua macho alikuwa tayari ameshika koleo. Hakuharakisha. Alichagua. Aligeuza kipande kimoja, akakiacha, akachukua kingine, ubavu wa kondoo, ule wa pembeni wenye mafuta yaliyoungua kidogo nchani. Akauweka juu ya slesi ya mkate mweupe. Akaongeza kijiko kimoja cha chakalaka, ule mchuzi wao wa mboga na pilipili. Kisha akaja hadi ukingo wa barabara, polepole, akaunyoosha ule mkate kwa mikono yake miwili.

Nikasimama. Sikupanga kusimama, miguu ndiyo iliyoamua.

Taa ya barabarani ilikuwa juu yake, kwa hiyo naukumbuka ule mkate kuliko ninavyokumbuka mstari wa kumalizia. Mafuta yalikuwa yameanza kupenya upande wa chini, mkate ukawa na duara la rangi ya chai. Mvuke ulikuwa unatoka. Vidole vyake vilikuwa na majivu. Akasema jambo kwa Kixhosa, fupi, kwa sauti ambayo bibi yangu wa Pangani alikuwa akiitumia akikuona unapita na sahani ikiwa bado imejaa. Sikuhitaji mkalimani.

Nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa, nikamwambia kwa Kiingereza, asante sana Mama, lakini sheria haituruhusu.

Hakuelewa, au alielewa na hakukubali. Akatazama namba yangu tumboni. Akatazama barabara upande wa kushoto, halafu kulia, yote tupu isipokuwa mimi na yule jamaa aliyekuwa anakuja akiburuza mguu. Akaniuliza, kwa Kiingereza safari hii, "Nani anakuona?"

Swali zuri. Washindi walikuwa wamemaliza wakati sisi tunaungua jua, wakaoga, wakala, pengine wamelala. Nafasi niliyokuwa nikiigombea haina hata jina. Nikamjibu kitu cha kipuuzi, nadhani nilisema "mimi mwenyewe," na nikiwa nalisema nililisikia lilivyo na majivuno. Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa.

Yule jamaa akafika. Hakuuliza wala hakusita. Akamshukuru kwa lugha yake, akaupokea kwa mikono miwili vilevile, akang'ata, akafumba macho. Mama akacheka, akampiga begani. Mimi nikaanza kuondoka, maana kusimama hapo kulikuwa kumeshakuwa mateso ya aina nyingine.

Sikufika mbali. Jamaa akanifikia anatafuna, akaukata ule mkate vipande viwili, na kile cha upande wa mfupa akaninyooshea. Nikatikisa kichwa. Akasema, na haya ndiyo maneno ya kwanza aliyonitamkia siku nzima, kwamba sheria inamruhusu mshindani kumpa mshindani mwenzake chakula.

Na alikuwa sahihi! Nilikikumbuka kifungu chenyewe. Washindani wanaweza kupeana vitu vidogovidogo vya kula na kunywa. Nikasimama katikati ya Marine Drive usiku nikifanya ukaguzi: mama akinipa mimi, ni kosa. Mama akimpa yeye, kosa ni lake. Yeye akinipa mimi, ni mshindani amempa mshindani. Nyama ileile, mkate uleule, hatua 20 kutoka jikoni.

Nikala.

Sitaelezea ladha. Nitasema tu kwamba nilitafuna hadi mfupa ukawa mweupe, na nilibaki na mfupa huo mkononi hadi kituo kilichofuata kwa sababu kutupa taka nje ya eneo lake nako ni kosa. Nyuma nikamsikia yule mama akiwasimulia walioko kwenye gari, kisha gari zima likaangua kicheko. Alikuwa ameona kila kitu.

Kilichobaki hakina mengi. Tulimaliza kabla ya saa sita usiku, yeye mbele yangu kwa umbali wa kama nguzo mbili za taa, mtangazaji akalitamka jina langu vibaya kwa furaha kubwa, nikavishwa medali, nikalala na viatu.

Kesho yake nikampigia simu mama yangu, aliyeko Tanga. Nikamsimulia maji, upepo, baiskeli, akawa anaitikia "ehee, ehee" ya mtu anayechambua mchele. Nilipofika kwenye nyama akanyamaza. Halafu akauliza, "Yaani ulimwacha mtu mzima amesimama na mikono imenyooka?" Nikamwambia mama, sheria. Akasema, "Na kwa yule kijana ukapokea?" Nikamweleza kifungu. Nadhani nilikieleza vizuri, nimezoea kuwaeleza wakurugenzi mambo magumu kuliko hayo. Akaniambia nimsalimie mke wangu.

Mama mdogo, aliyekuwa anasikiliza kwenye spika bila kutangazwa, ndiye aliyenitafutia udhuru. Si ungemwambia huyo bibi kwamba wewe ni Mwislamu, hujui amechinja nani? Angekuelewa, na heshima ingebaki pale pale.

Hapo ndipo niliponyamaza mimi. Kwa sababu ndiyo, hilo ndilo swali nililofundishwa kuuliza tangu naanza kushika kijiko. Nimelala njaa kwenye semina Mbeya kwa ajili ya swali hilo. Pale barabarani, na ubavu wa kondoo mita moja kutoka puani, halikunijia hata kwa mbali. Yale mawili niliyonyonyeshwa nyumbani, kwamba mkono wa mtu mzima haurudishwi na kwamba nyama huulizwa ilikotoka, yalikuwa yamekaa kimya yote mawili. Kilichosimama na kuzungumza kilikuwa kitabu cha mashindano, nilichokipakua mwenyewe, nikakilipia ada ili kiniamrishe.

Sijui nikifanyeje kitu hiki. Mara nyingine najiambia ni uchovu, kichwa cha kilomita ya 33 hakina nafasi ya vitabu viwili. Mara nyingine naona kwamba sheria ile iliandikwa kwa ajili ya mtu wa namna yangu hasa, asiye na ndugu njiani, na dakika ileile alipotokea mtu wa kuwa ndugu yangu nikamtumia sheria kumrudisha kwenye kiti chake. Halafu njaa ikanifundisha kusoma vifungu vizuri zaidi.

Wenzangu wa mazoezi hawana huruma na maswali haya. Mmoja, wakili, anashikilia kwamba chakula kilichopatikana kwa kosa hakisafiki kwa kupita mkono wa pili, kwa hiyo nilistahili kuondolewa mashindanoni pamoja na yule jamaa. Mwingine anasema ningepaswa kula cha yule mama wa barabarani, kisha nile na cha jamaa. Mimi nashikilia kifungu changu. Jumamosi iliyopita tulifika hadi Bunju tukibishana, tumepangana watatu barabara nzima, hadi dereva wa fuso akatupigia honi na kututukania mama zetu.