Neno lile lile

Asubuhi soko la Majengo, mzee Mnyamwezi anayeniuzia karanga kaniita "Mgogo ombaomba".

Nikamwambia alipe hongo kwanza, ule ushuru wa njia, kama babu zake walivyolipa kupitisha misafara Ugogo. Tukacheka mpaka karanga zikamwagika. Watani sisi, tangu enzi hizo.

Mchana, kwenye daladala, konda akadai bibi mmoja kapunguza nauli, imepungua mia.

"Nyie Wagogo, kuombaomba tu."

Kimya.

Bibi akafungua tena fundo la kanga, akahesabu sarafu moja moja kiganjani, midomo ikimcheza. Hakuna iliyobaki. Konda ndiye aliyehesabu vibaya.

Nikamkemea. "Utani tu, dada."

Utani na nani? Hata kabila lake hatulijui!

Kile kiganja hakinitoki. Jamani, nyie mngemjibuje?