Kamsifia kaburi

Neno la Baba limenikaa rohoni tangu Jumapili halitoki. Harusi ya mdogo wangu imepita salama, uhamisho wa mume wangu kwenda Korogwe nao umekuja, na mimi mawazo yangu bado yako pale barazani kwake, Ngamiani, Tanga.

Mnajua tangu macho yake yaingie ukungu mimi ndiye msomaji wake. Safari hii ni insha za Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, *The Education of a British-Protected Child*, zilizotoka 2009 mwenyewe akikaribia miaka 80. Nasoma kimya kwa Kiingereza, namsimulia kwa Kiswahili. Tukafika kwenye ile ya babake: yatima aliyelelewa na mjomba, akaja kuwa mhubiri wa Kikristo. Mjomba mtu aliwakaribisha wamisionari kwake, halafu akawahamisha kwa sababu ya nyimbo zao za huzuni, majirani wasije wakadhani msiba ni wake. Baba alicheka mpaka kofia ikamvuka.

"Muungwana yule. Kawatoa bila kuwavunjia heshima." Kisha akauliza, "Na baba mtu, aliwahi kuyasikia haya?"

"La, Baba. Alikuwa keshafariki zamani."

Akakipapasa kikombe cha kahawa mpaka akakipata. "Basi, mwanangu, kamsifia kaburi."

Kamsifia kaburi! Nimebishana naye jikoni, darasani, ndani ya daladala. Zile si sifa. Riwaya yake *Things Fall Apart* ilitoka 1958, Achebe hajafika hata miaka 30, na humo dini mpya na mila zinagongana mpaka mtu anajinyonga. Uzeeni ndipo anawakalisha mjomba na mpwa mkeka mmoja, kila mtu na imani yake, wala hamhukumu yeyote. Kwangu mimi insha ile fupi ina ujasiri kuliko riwaya nyingi.

Juzi usiku ndipo nikang'amua kwamba Baba hakuwa akimsema Achebe. Alikuwa akiniomba.

Jana nikaenda na daftari. Akanipa habari za bandarini, enzi zake za ukarani, meli zikitia nanga mbali na marobota ya katani yakipelekwa kwa matishari, yale mashua bapa ya mizigo. Nikamsomea nilichoandika. Akanisahihisha: tishari halikupakiwa vile, anza upya. Nikaanza upya, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Ila binti mmoja wa kidato cha pili, mwanafunzi wangu, leo tena hajaja shule. Simu ya mamake inaita tu, haipokelewi.