Kamba na majivu kabla ya ramani

Nilipopewa ukatibu wa kamati ya ujenzi kijijini kwetu, Old Moshi, mchoro wa ukumbi ulikuwa umeshaletwa: mstatili, jukwaa mbele, viti kwa safu. Moyo ulikataa. Kwetu Uchagani ugomvi wa kihamba, yaani shamba la familia, hausuluhishwi watu wakitazamana visogo. Wazee huketi wakizungukana, na aliyekosea huja na jani la mmea wa isale kuomba msamaha.

Sikubishana na mchoraji. Niliwaita wazee waje kiwanjani na vigoda vyao. Tukachomeka kigingi katikati, tukafunga kamba ya katani ya mita 6, nikazunguka nayo nikimwaga majivu. Wakaketi juu ya mstari ule, wakaanza kupiga soga. Babu mmoja mwenye masikio mazito akaniita: "Mwanangu, huyo wa ng'ambo simsikii." Tukafupisha kamba hadi mita 5, bado. Kwenye mita 4 na nusu akacheka, maana alisikia utani aliotaniwa. Hapo ndipo tulipochimba msingi.

Ukuta ni wa mawe, unaishia kiunoni, ili anayepita njiani aone kikao na kuingia. Mlango unatazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Hilo wazee hawakutaka hata lijadiliwe.

Paa ndilo lililotusumbua. Wengi walitaka msonge wa nyasi, na mimi nilikuwa wa kwanza. Lakini huku juu vihamba vimejaa migomba na kahawa, nyasi za kuezekea utazitoa wapi? Na msitu wa mlimani umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005, hukati kitu. Tukakubali bati. Bati halipindi kufuata duara, kwa hiyo fundi alilisimamisha kwa pembe nane, limechongoka kama msonge. Ikabaki kelele: mvua ya masika ikipiga bati tupu, hata ukipaza sauti husikiki. Tulitandaza dari ya mianzi iliyopasuliwa, juu yake magunia yaliyojazwa maranda tuliyoomba kwa maseremala. Kazi ya siku nne, na naiona ya maana kuliko yote.

Akina mama walipanda mimea ya isale pande zote mbili za mlango.

Aprili iliyofuata walikaa humo ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka. Mvua ilikuwa kubwa. Yule babu alifuatilia kila neno, akauliza maswali yake taratibu. Mwishowe mdogo akainuka, akatoka mvuani, akachuma jani la isale pale mlangoni.