Kenny au Jane

Kenny nilimfahamu tangu gemu la kwanza, na balaa lote lilianzia hapo. Katika The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, gemu la hadithi ya zombi ambalo mchezaji huchagua maneno na matendo, lile lililotoka mwaka 2012, nilimkuta akiwa na mke, mtoto na kapelo yake chakavu: mtu wa bahari kutoka Florida, anayewaza mashua mchana na usiku. Sikumpenda kwa sababu ni mwema. Nilishamwona shambani akimbeba mwanawe Duck na kukimbia, huku kijana wa wenyeji wake amebanwa chini ya trekta na wafu wanamvuta. Nilishamwona ndani ya chumba cha kuhifadhia nyama akiinua bonge la chumvi ya kulambwa na ng'ombe na kumponda nalo kichwa mzee aliyeanguka kwa mshtuko wa moyo, binti wa mzee huyo akiwa amepiga magoti palepale akijaribu kumzindua baba yake. Hoja ya Kenny ilikuwa kwamba mzee akikata roho ataamka zombi na sote tumefungiwa humo. Huenda alikuwa sahihi. Hakusubiri kujua.

Kisha Duck akang'atwa, mkewe akajipiga risasi msituni, na Kenny akarudi kuendesha treni kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuiendesha. Ukishapita na mtu katika hayo, hata kama ni mtu wa kuchorwa, huwezi tena kumwangalia kama mpita njia.

Katika msimu wa pili mchezaji anashika nafasi ya Clementine, msichana wa miaka 11. Sisi tuliucheza sehemu zote tano zikiwa zimeshatoka, kwa hiyo hakukuwa na kusubiri. Nasema sisi, lakini nilianza peke yangu. Nilipofika kwenye ile nyumba ya wageni ya mlimani, nikamwona Kenny yu hai wakati niliamini wafu walimmaliza mjini Savannah katika gemu la kwanza, nilipiga ukelele mpaka mdogo wangu akatoka chumbani mbio akidhani kuna lililonipata. Akakaa kwenye kochi kutazama ni nini. Hakuondoka mpaka hadithi ilipokwisha.

Yeye gemu la kwanza hakuwahi kuliona. Kwake Kenny alizaliwa siku ile, mtu mzima, mwenye ndevu na sauti ya juu. Wakati wa chakula Clementine anasimama na sahani yake. Kenny anamwita akae naye, Luke, mmoja wa kundi jipya la Clementine, naye anamwita upande wa pili. Nikaenda kwa Kenny kabla hata maandishi hayajakaa sawa kwenye kioo.

"Huyo ni nani kwani?"

"Ni Kenny."

Akaniangalia kama mtu niliyemjibu kwa lugha ya ndege.

Tukawekeana utaratibu. Katika gemu hili ukiulizwa jambo, kuna mstari chini unaopungua kadiri muda unavyokwenda, na ukichelewa Clementine anabaki kimya, na ukimya nao unahesabiwa kuwa jibu. Kiingereza kinapita haraka. Kwa hiyo yeye alisoma majibu kwa sauti, mimi nikabonyeza, na tukigombana, mwenye pedi ya kuchezea ndiye mwenye neno la mwisho. Mwenye pedi nilikuwa mimi.

Jane alikuja baadaye, kwenye kambi ya Carver, kiongozi katili aliyewateka, ndani ya duka kubwa la vifaa vya ujenzi walikofungwa wote. Nywele fupi, maneno machache, macho yanayohesabu milango. Mdogo wangu alimpenda papo hapo. Jane ndiye anayemfundisha Clementine kupambana na mfu mrefu kuliko yeye: teke la goti kwanza, anaanguka, kisha kisu cha kichwa. Huo ni ujuzi ambao mtoto wa miaka 11 anauhitaji kuliko hotuba, na Kenny alikuwa amejaa hotuba. Lakini Jane alikuwa na lake. Alikuwa na dada, Jaime, aliyekata tamaa ya kuishi, na baada ya kumburuta kwa muda mrefu siku moja alimwacha juu ya paa akaenda zake. Analisimulia hilo bila chozi. Na Sarah, yule msichana anayeganda kwa hofu, anapokwama ndani ya nyumba ya magurudumu wafu wakigonga madirisha, Jane anashauri aachwe.

"Huyu angalau hakudanganyi," mdogo wangu akasema. "Anakwambia ubaya wake mchana kweupe."

Hilo neno nililiweka akiba.

Upande wa Kenny mambo yalikuwa yanaporomoka, lazima niseme ukweli. Carver alimpiga kwa redio ya upepo mpaka jicho likaharibika. Zamu ilipogeuka, Kenny akachukua mtaimbo na kumfanyia Carver kazi ambayo pigo la kwanza lingetosha. Gemu linakupa nafasi ya kumtoa Clementine nje. Mimi nilimbakiza, kwa sababu niliona haki kushuhudia. Mdogo wangu akageuza uso ukutani na kuniambia nimwambie ikiisha. Akafa Sarita, mwenzi mpya wa Kenny, na Kenny akammiminia Clementine maneno ambayo hupaswi kumwambia mtoto. Halafu Arvo, yule kijana wa Kirusi aliyefungwa kamba: Kenny alimpiga na kumpiga tena, kila mtu akisema basi. Kila kipigo mdogo wangu alikuwa ananigeukia mimi, siyo kioo, kana kwamba mkono ni wangu.

Nilichokuwa namwonyesha mimi ni mtoto mchanga. Rebecca, mjamzito wa kundi, alijifungua katikati ya vurugu zile na muda mfupi baadaye akafa, na kichanga, AJ, akabaki mikononi mwa walio hai. Mtazame Kenny akimshika. Mabega yanashuka, sauti inakuwa ya chini. "Ndiye atakayemlea," nikamwambia. Akajibu, "Ndiye atakayeua mtu kwa ajili yake." Tukacheka wote wawili.

Sehemu ya mwisho, ya Agosti 2014, inawapunguza watu mmoja mmoja mpaka ndani ya pikapu wanabaki wanne: Kenny, Jane, Clementine aliyepigwa risasi ya bega, na AJ. Nje dhoruba ya theluji. Kenny anataka kaskazini, Wellington, mahali panaposemekana kuwa na usalama ingawa hakuna aliyepaona. Jane anataka kurudi kusini, kwenye lile duka la Carver, kwa kuwa lipo na wanalijua. Wanarushiana maneno ndani ya gari, kila mmoja akiligusa donda la mwenzake: wewe ulimwacha dada yako, wewe umebaki kuomboleza mke na mwana. Na kila mmoja akimtaka Clementine akubali. Nakumbuka tulikuwa tumeacha kusoma majibu. Tulichagua kunyamaza, mstari ukaisha, wakaendelea bila sisi.

Kinachofuata huwa nakikumbuka kwa vipande. Kenny anashuka kutafuta mafuta. Jane anaendesha, gari linagonga, wanapoteana ndani ya weupe ule. Clementine anafika peke yake kwenye jengo la mapumziko kando ya barabara. Jane anaingia baadaye, mikono mitupu. Mtoto hayupo. Anamwambia Clementine asiingilie, hata iweje. Kenny anafika, anauliza AJ yuko wapi, anamtazama Jane usoni, anatoka, anarudi, na sura aliyorudi nayo sikuipenda.

Ugomvi wao si wa kupendeza kama wa sinema. Ni wa watu wawili waliochoka, wanateleza, wanashikana nguo, wanatoka nje mpaka kwenye theluji. Jane anaingiza kidole kwenye lile jicho bovu. Clementine anajaribu kuwatenganisha, anasukumwa pembeni. Mwisho Kenny yuko juu, kisu kipo mikononi mwa wote wawili kikielekea kifuani kwa Jane, kinashuka taratibu kwa uzito wa mwili, na bastola iko mkononi mwa Clementine. Mambo mawili tu: mpige Kenny, au geuza uso.

"Piga, kaka! Piga!"

Nilimsikia vizuri. Nilikuwa nafikiria Duck, na treni, na kwamba mtu huyu katika magemu mawili amefanya kila kosa isipokuwa kosa la kuwatupa walio wake. Nikageuza uso.

Mdogo wangu hakusema neno. Kisu kiliingia na Jane akaisha. Halafu, katikati ya upepo, kikasikika kilio cha mtoto.

AJ alikuwa ndani ya gari lililotelekezwa, hatua chache kutoka pale. Jane alimficha makusudi, ili Kenny apandwe na hasira na Clementine aone kwa macho yake mtu aliyekuwa anamtegemea.

"Umeona?" nikasema, nikaruka kutoka kwenye kochi. "Umeona! Ameacha kichanga kwenye baridi hiyo, wafu wanazunguka, ili ashinde ubishi! Huyo ndiye asiyedanganya?"

"Jane kaficha mtoto," akasema. "Kenny kaua mtu. Hayo mawili unayaweka sawa?"

"Alidhani mtoto kafa."

"Alidhani. Angetega sikio pale nje angemsikia analia. Mtu wako haulizagi, tangu huyo mzee wa chumvi uliyenisimulia."

Hapo alinibana, kwa silaha niliyompa mwenyewe. Nikabaki kurudia habari ya baridi. Na bado nairudia. Nadhani ndiyo kazi bora kabisa waliyoifanya waandishi wa gemu lile: walikuita utoe hukumu wakati ushahidi mmoja wameufungia ndani ya gari, kisha baada ya hukumu wakaufungua na kukuuliza tena. Maana gemu linauliza tena. Kenny amesimama, anaelewa alichofanya, na Clementine anaweza kumpiga risasi sasa, au kumwacha na kuondoka na AJ, au kubaki naye. Nilibaki naye. Mdogo wangu akaenda jikoni, akarudi na maji ya kwake peke yake.

Wellington ilikuwepo kweli. Ukuta mrefu na mwanamke anayeitwa Edith juu yake, anayesema kumejaa. Kenny anamwomba awachukue watoto tu. Hapo ndipo sauti yake inavunjika. Mtu yule aliyekuwa akiamrisha kila mtu anamsihi Clementine aingie amwache nje. Unaweza kukataa ukaondoka naye. Nilitazama bega la Clementine, nikatazama kichanga, nikabonyeza kuingia. Kenny akabaki nje ya ukuta.

"Kwa hiyo," mdogo wangu akasema pole pole, "umemuua Jane kwa ajili ya mtu uliyekuja kumwacha mlangoni."

"Ameomba mwenyewe!"

"Sawa, kaka."

Hiyo "sawa" niliichukia wiki nzima.

Siku nilipokuwa natoka alichukua pedi, akairudisha hadithi nyuma mpaka kwenye theluji na kucheza kivyake. Niliporudi nilimkuta amefika mwisho, na Clementine anapita katikati ya kundi la wafu uwanjani, amejipaka matumbo yao kuficha harufu, AJ kifuani. Nikatafuta mtu wa pili kwenye picha. Hakuwepo.

"Jane yuko wapi? Si umempiga Kenny?"

"Nimempiga."

"Sasa?"

"Nikamkuta mtoto ndani ya gari." Aliacha kunitazama. "Akaanza kunieleza kwa nini. Nikamwacha anaeleza."

Nilitaka kumrudishia maneno yake yaleyale ya mlangoni, tena nilikuwa nayo ulimini. Lakini kioo kilikuwa kimeshaingia kwenye ukurasa ule wa mwisho unaoonyesha wachezaji wengine walichagua nini, naye akawa anasoma asilimia za walioondoka peke yao kama mtu anayesoma majina ya ndugu.

Gemu la tatu lilipotoka Desemba 2016, nalo likataka kujua: Kenny au Jane, na baadaye ikawaje. Kumbe waliobaki na yeyote kati yao walirudishiwa mtu wao katika kumbukumbu fupi tu, akazikwa humo humo, Kenny kwa ajali ya gari, Jane kwa mkono wake mwenyewe. Nilivyoliona mimi, ni kuwalipa vibaya watu waliokesha wakichagua. Sisi hilo halikutugusa. Tuliyokuwa nayo ni mawili, Wellington yangu na upweke wake, na hadithi inakubali moja. Tulibishana kidogo. Pedi safari hii alikuwa ameishika yeye, na ndiyo maana Clementine wetu ni yule wa upweke, aliyekatika kidole.