Siku moja na hedi ya 4A-GE, Mikindani

Saa 12:30 asubuhi. Chai ya rangi, mihogo, kisha pikipiki hadi gereji. Nawahi kwa sababu umeme ukianza kucheza, benchi langu la kupimia hewa inayopita kwenye hedi linadanganya. Ni sanduku la mbao, mota mbili za mashine ya kufyonzea vumbi na mpira mwangavu wenye maji ya rangi, ambayo ndiyo yanaonyesha kipimo. Mota zikilegea, napima upya.

Saa 2. Hedi, kichwa cha injini chenye valvu, iko mezani: valvu 16, injini ya Toyota ya cc 1587. Mwenyewe kaacha maagizo: "Fundi, tanua matundu ya kuingizia hewa mpaka mwisho." Nachukua kalamu kwanza. Injini hii hujaza kila silinda mara moja tu katika mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika inataka lita 5,550 hivi za hewa kila dakika. Kwenye 3,000, ambako bwana huyu anashinda akienda Lindi, ni lita 2,380 tu. Ukitanua tundu, hewa chache hiyo inapita kivivu na petroli inanata ukutani mwa tundu badala ya kuchanganyika.

Saa 4. Nafungua valvu milimita 2, 4, 6, 8, kila mara nasoma maji. Sipimi 12 hata akilia. Kemu yake ya kiwandani, shafti inayosukuma valvu zifunguke, haifiki 8. Mdomo wa tundu nauzungushia udongo wa kuchezea wa mwanangu, maana hewa ikikutana na ncha kali inapungua na hedi inasingiziwa. Tundu la tatu linapitisha hewa kidogo kuliko wenzake. Naingiza kidole: chini ya siti ya valvu, pale valvu inapokalia ikifunga, kuna ukingo, mabaki ya kiwandani.

Saa 6. Nachonga hapo, na kidogo kona ya ndani ambako hewa inakunja. Msasa, pima. Msasa, pima.

"Mbona huku mbele, mdomoni mwa tundu, hugusi?" dogo anauliza.

"Toyota wenyewe baadaye waliyapunguza matundu ya injini hii, wakapandisha mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, nguvu ikaongezeka. Mimi nani?"

Saa 8. Ugali, samaki, umeme hakuna.

Saa 10. Umerudi. Tundu la tatu limewafikia wenzake.

Saa 11:30. Mwenye gari anachungulia kwa tochi ya simu.

"Mbona matundu yale yale?"

Namfungulia daftari, mstari kwa mstari. Anasoma, anakuna kidevu.

"Basi punguza bei, fundi. Si hujachonga?"